Kioo ni kioo

Shosti, leo nimeaibika mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unamjua shemeji yangu, yule mjuaji, aliyenichagulia vifaa vya kompyuta ya studio? Muuzaji alimwambia kabisa: kwa kazi ya picha, anza na kioo kizuri cha kompyuta. Shemeji akamcheka. "Kioo ni kioo."

KIOO NI KIOO!

Akachagua sanduku la kompyuta lenye taa za rangi saba, kioo akaenda kukitoa stoo kwake.

Kumbe hicho kioo kinazidisha wekundu. Na mimi nikawa naupunguza, picha moja moja, harusi nzima!

Leo mama wa bibi harusi kaja na albamu. Watu wote kijani. Kaniuliza mbele ya wateja, "Mwanangu aliolewa au aliugua?"

Aliolewa au aliugua, shosti 😭

Nikamwita shemeji. Katazama albamu, katazama kompyuta, macho makavu: "Mbona humu wamependeza? Waambie wawe wanakuja kuziangalia hapa."

Na taa zake zinawaka tu pale mezani. Rangi saba, na hata moja si ya bibi harusi.