Miezi Mitano ya Karata Mbovu

Baba mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako, kile kilicho karibu na dirisha, kwa sababu kuna jambo nililopaswa kukuambia ungali hai nikanyamaza, na sasa limezaa swali. Linahusu karata. Watakaoisoma barua hii watashangaa kwamba mshonaji nguo wa hapa Gatitu, mwanamke wa kwenda kanisani kila Jumapili, anamwandikia marehemu baba yake kuhusu poka. Acha washangae. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Ulikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Nanyuki, na ulipostaafu ulirudi nyumbani na vitu viwili: koti jeupe ambalo hukulivaa tena, na pakiti ya karata. Nakumbuka Jumapili ya kwanza. Uliniketisha, ukatugawia karata tano tano, ukamwaga maharagwe ya nyayo, yale mekundu yenye madoa, mezani yawe ndiyo mali yetu. Hukutaka pesa kabisa. Ulisema uliona hotelini watu wazima wakilia kama watoto, na hukutaka kilio hicho nyumbani kwako. Nilipata nne mbili, nikafurahi, nikataka kusukuma maharagwe yangu yote katikati. Ukanishika mkono.

"Maitu, tupa."

Uliniita Maitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako.

"Lakini niko na jozi!"

"Jozi ya nne hiyo. Mimi nimeongeza mara mbili. Unafikiri nacheza na wewe hapa? Tupa, ungoje."

Nilitupa kwa hasira. Ukanionyesha karata zako: malkia watatu. Halafu ukaniambia kwamba karata mbaya hazimmalizi mchezaji, kinachommaliza ni kuchoka kuzitupa.

Unajua meza yetu ilivyokuwa. Wewe, mimi, Mwalimu Githinji wa Othaya, ambaye alinifundisha hesabu hapa Gatitu nikiwa mtoto, na Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki ambaye alikubali kuketi nasi kwa sababu hakuna pesa iliyoguswa. Kila Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula, chai na nduma za kuchemsha vikiwa pembeni. Aliyeshindwa aliosha vikombe. Miaka ikapita hivyo, hata ukapatwa na ule ugonjwa wa koo.

Mwaka wako wa mwisho sikucheza. Nilikuwa na kazi ya kukupikia uji mwepesi na kusimama nyuma yako, maana sauti yako ilikuwa imekwisha na mara nyingi ulizungumza kwa mkono tu. Mwaka huo ulishinda, Baba. Ulishinda mpaka nikaogopa. Maharagwe yalijaa mbele yako kila Jumapili, na uso wako, uliokuwa umebaki mifupa, ulipata rangi.

Hapo ndipo nilipoona jambo. Ukipata karata nzuri ulivuta pumzi kwa namna fulani, polepole, kupitia puani. Na ukivuta pumzi hiyo, Mwalimu Githinji alishika sikio lake la kushoto. Na akishika sikio, Hassan alitupa karata zake. Niliona mara ya kwanza, nikadhani labda sikio linamwasha. Niliona mara ya tano, nikajua hawa watu wana ishara. Nikajiambia kwamba wamekusoma, na Mwalimu anamwonya mwenzake akimbie ukiwa na mkono mzito ili waokoe maharagwe yao. Wanamfanyia mzee mgonjwa hila kwenye meza yake mwenyewe! Lakini ulikuwa ukishinda hata hivyo, na ulikuwa na furaha, basi nikameza. Hilo ndilo nililopaswa kukuambia.

Tulikuzika. Baadaye kidogo Mwalimu alinipigia simu. "Wanjiru, tuendelee, ama tuwache?" Nikamwambia waje. Nikakaa kwenye kiti chako, na tangu siku hiyo karata zikanikimbia.

Sijui kama wewe uliwahi kuona ukame wa namna ile. Mbili, tano, saba, tisa, kumi, kila moja na rangi yake. Nikibadilisha tatu, zinakuja tatu nyingine za ovyo. Nilifanya ulivyonifundisha. Nilitupa. Jumapili ya kwanza nilitupa nikitabasamu, ya nne nilitupa nikihesabu pumzi zangu, ya kumi nilitupa nikiwatazama wao badala ya karata. Niliosha vikombe mpaka Hassan akaanza kusema, "Dada, leo nitakusaidia," na mimi nikajiuliza kwa nini mtu anayeshinda kwa haki amwonee huruma aliyeshindwa.

Ulinifundisha kungoja, Baba, lakini hukuniambia mtu afanye nini na kichwa chake wakati anangoja. Changu kilianza kufanya kazi. Mwalimu alikuwa ndiye anayechanganya karata mara nyingi, kwa vidole vyake virefu. Kwa nini yeye? Miwani yake iliakisi karata alizokuwa akigawa. Labda Hassan alisoma humo. Hassan alikohoa kabla ya kuongeza. Alikohoa pia kabla ya kutupa, lakini hilo nililisahau haraka. Nikahamisha meza kutoka dirishani nikisema baridi ya Julai inaingia. Nikaficha karata zako kabatini, nikanunua pakiti mpya mjini, nikaifungua mbele yao. Mwalimu akaigeuzageuza mkononi.

"Zile za mzee zimeharibika?"

"Zimechakaa tu," nikasema.

Alinitazama kidogo kupita kawaida. Pakiti mpya ikanipa mbili, tano, saba, tisa na kumi.

Na sikio, Baba. Bado alilishika. Si kila wakati, ila alilishika. Nikaamini kwamba wanataka niondoke kwenye kiti chako, kwamba bila wewe mimi ni mwanamke tu aliyebaki mezani pao, na njia ya heshima ya kunifukuza ni kunichosha.

Ilifika Jumapili moja ya mwezi wa tano tangu nianze kutupa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati na hatukuona hata mlingoti wa taa ulio barabarani. Hassan aligawa. Nikainua karata zangu moja moja, na nikaona jeki, jeki, saba, mbili, jeki. Jeki watatu! Niliweka uso wangu kama ulivyonionyesha, kama mtu anayefikiria bei ya vitambaa. Nikaongeza maharagwe sita.

Mwalimu akashika sikio. Hassan akatupa. Mwalimu naye akatupa. Miezi mitano, Baba, na mkono wangu mzuri wa kwanza ukanipa maharagwe mawili, yale ya kuanzia mchezo.

Nilisimama. "Mnaniibia," nikasema.

Nikakielekeza kidole kwa Mwalimu.

"Nimewaona tangu mwaka jana. Mwalimu anashika sikio, wewe Hassan unatupa. Mlimfanyia baba yangu akiwa mgonjwa, na sasa mnanifanyia mimi, ndani ya nyumba hii."

Mwalimu aliushusha mkono wake taratibu, akautazama kana kwamba si wake. Hassan ndiye aliyenijibu kwanza.

"Dada, keti. Wewe umetupa karata miezi mitano. Miezi mitano! Leo unasukuma maharagwe sita mara moja. Hata mbuzi wangu wangejua uko na kitu. Ungetaka nifuate ndio nini?"

Nilitaka kucheka na sikutaka. "Na sikio?"

Walitazamana. Mwalimu akavua miwani.

"Sikio ni kweli," akasema. "Tulikuwa na ishara. Lakini haikuwa ya kumwibia mzee. Nikishika sikio, maana yake ni kwamba mzee yuko na karata za kumfurahisha, kwa hivyo hata ukiwa na kubwa, tupa. Mwache achukue. Tulikubaliana siku ile daktari alituambia hapo nje kwamba mzee hana muda mrefu. Mwaka wote, Wanjiru. Nilitupa mikono ambayo sijawahi kuipata tena."

"Na sasa unashika ya nini?"

"Mkono umezoea. Ati unafikiri najua nikifanya? Karata zako ni mbaya tu. Hakuna mtu anahitaji kukuibia."

Niliketi. Sikufarijika, Baba. Nilikasirika upya, kwa sababu nyingine. Niliona uso wako ule uliopata rangi, nikafikiri kwamba walikudanganya kwa huruma, kwamba furaha yako ya mwisho ilikuwa maigizo ya watu wawili wakubwa. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia wewe usingetaka. Mwalimu aliinamisha kichwa, na nadhani angeondoka na asirudi tena.

Hassan akamzuia kwa mkono. "Alijua," akasema.

Mwalimu akageuka. "Nani alijua?"

"Mzee. Sijawahi kukuambia. Jumapili ile ya mwisho, wewe ulikuwa umebaki peke yako na yeye, na maharagwe yalikuwa mengi katikati. Mzee akatupa. Wewe ukachukua, ukafurahi, ukasema hata Mungu huchoka kumpa mtu mmoja. Wanjiru alikuwa jikoni. Mimi nikakusanya karata nichanganye, na nikaangalia zake." Alinyoosha vidole vitatu. "Wafalme watatu. Nikainua macho nikakuta ananiangalia. Akaweka kidole mdomoni, hivi."

Mwalimu Githinji, aliyenichapa darasani nikiwa na miaka tisa kwa kusahau jedwali la kuzidisha kwa saba, alilia bila kujificha, na sikujua nitazame wapi.

Swali langu ndilo hili. Ulijua lini? Uliona sikio tangu mwanzo, ukachukua maharagwe yao mwaka mzima huku ukijua? Au uligundua mwishoni tu, ukaamua kulipa kwa mkono mmoja? Nimeligeuza swali hili kila upande. Siku nyingine nakuona mjanja kutushinda sote. Siku nyingine nakuona umeketi hapa, huna sauti, unashuku kama nilivyoshuku mimi, na unaficha ili wenzako wasinyang'anywe raha ya kukupa. Wewe ulishuku ukafunga mdomo mpaka ukawa na hakika, na ulipokuwa na hakika bado ukaufunga. Mimi nilifungua wangu kwa jeki watatu.

Niliwaomba msamaha kabla hawajaondoka siku hiyo. Hassan alisema hushutumiwa mabaya zaidi sokoni kila wiki. Mwalimu alivaa miwani akatoka, na Jumapili iliyofuata hakuja. Nilimfuata Othaya kesho yake, nikamkuta kwenye shamba lake la chai akipalilia. Hatukuongea mambo mengi. Nilimsaidia mistari miwili, na wakati wa kuagana akaniuliza, "Jumapili saa nane, ama tisa?"

Ukame haukuisha kwa sababu tulipatana. Zimepita Jumapili nyingine sita za kutupa. Lakini nimejifunza kuwatisha kidogo, mara moja moja, nikiongeza maharagwe hali sina kitu, ili wasinisome tena kama gazeti.

Na Jumapili iliyopita nilishinda. Nilipata mfuatano, sita mpaka kumi, na Mwalimu alinifuata mpaka mwisho kwa jozi mbili, maharagwe yote ya meza yakaja kwangu. Sikufurahi mara moja. Nakiri kwako. Nilitazama vidole vyake, nikatazama vya Hassan, nikatazama masikio yao yote manne.

"Mwalimu," nikasema, "mmeniachia?"

Alikuwa tayari anakusanya vikombe, uso umemkunjamana kwa hasira ya kweli ya mtu aliyeshindwa.

"Wewe si mgonjwa," akaniambia. "Tukuachie ya nini?"

Pumzika vyema, Baba. Huku tunaendelea kucheza.

Ni mimi binti yako,
Wanjiru