Mlango Nilioufunga

Nyumbani kwa mwanao,
Ghorofa ya tatu.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Miguu inaendeleaje? Na Wifi, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mola, ila goti langu na hizi ngazi havipatani.

Ulinituma nije nimwone binti yako kwa macho yangu, kisha nimrudishe nyumbani, maana ulisema hakuna mtu mzima anayelipwa kwa kucheza gemu. Nimekaa wiki tatu nikiangalia. Leo nakujibu.

Hachezi, Kaka. Kampuni yao inatoa gemu, naye ni prodyuza. Hachori wala haandiki programu. Anahakikisha mchoraji, mtu wa sauti na mafundi wa programu wanamaliza pamoja na kwa wakati. Ni msimamizi, kama wewe ulivyowasimamia waashi. Ni wewe mtupu, ila yeye hatukani.

Siku moja alinipeleka kazini. Wana utaratibu wao: kabla gemu haijatoka, wanamkalisha mtu asiyejua kitu acheze, nao wanasimama nyuma yake kimya. Kumsaidia ni marufuku. Basi nikakalishwa mimi, jasho linanitoka. Nikamwongoza mwanamke msafiri wa kwenye kioo cha kompyuta mpaka kwenye nyumba moja, nikafungua mlango, nikaingia. Halafu nikageuka nikaufunga. Si unajua mama alivyotulea.

Mlango haukufunguka tena. Msafiri wa watu akakwama mle ndani, na safari yake yote ikapotea.

Nikaomba radhi, nikidhani nimewaharibia mali. Kumbe watu kumi na wawili, miaka miwili, hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga mlango.

Bosi wao akasema gemu imeshatangazwa, itoke Ijumaa vilevile. Akacheka, "Nani anafunga milango kwenye gemu?"

Mwanao akamjibu taratibu, "Shangazi yangu. Na wako wengi kama yeye."

Akaomba wiki moja zaidi. Akasema ikipita kabla mlango haujapona, ataacha kazi yeye. Bosi akanuna, akakubali. Mimi nikaona nimemponza mtoto wa watu kwa adabu zangu. Wiki ile nilisali mpaka goti likanishtaki.

Fundi aliyekosea, mpole mmoja wanayemwita Sungura, aliogopa kufukuzwa. Mwanao hakumtaja kwa bosi hata mara moja. Alivuta kiti, akakaa naye, akamuuliza anahitaji nini ili amalize, kisha akamwondolea kazi nyingine zote. Siku ya sita mlango ukafunguka. Nimeufunga na kuufungua mwenyewe mara nne.

Gemu imetoka jana. Mwishoni yanapita majina ya walioitengeneza, na lake limeandikwa pamoja na lako. Nililisoma nikafuta machozi kwa kitenge.

Kwa hiyo simrudishi. Unisamehe. Lakini simu ikilia, huwa anaangalia kwanza kama ni wewe, na akiona si wewe anaiweka chini. Mpigie, Kaka. Mwambie hongera, neno hilo tu.

Nisalimie Wifi, mapacha, na Mjomba Kipara. Mola aipe miguu yako nguvu, na moyo wako ulaini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,

Mfunga Milango