Mvinyo Mweupe wa Rouba

Jumatano, 3 Aprili

Toufic kaingia jikoni kwangu na viatu vya matope. Nilikuwa nimetoka kupiga deki. Shemeji au si shemeji, angevua.

Anasema Jumamosi ya wiki ijayo anakuja Bwana Iskandar, mwenye mahoteli ya Batroun, pamoja na mama yake mzazi. Anatafuta mvinyo wa hoteli zake zote. Nioke bega la kondoo, nitwange pia nyama mbichi na ngano. Mwekundu wa zamani utakwenda na kondoo, mwekundu mpya na nyama mbichi.

Nikamuuliza, na mweupe aliotengeneza Rouba je?

"Ule wa kunawia mikono, shemeji."

Wadih, mwanawe, akacheka. Rouba, binti yangu, alikuwa palepale anafuta glasi. 

Ile mizabibu ya zabibu nyeupe aliipanda marehemu mume wangu. Toufic ameshasema, mweupe usipopata mnunuzi mwaka huu anaing'oa yote, anapanda nyekundu. Na Rouba ameshasema, iking'olewa anakwenda zake Ufaransa. Sina mtoto mwingine. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ijumaa, 5 Aprili

Toufic kanikuta nakula mkate na zeituni. "Bado unafunga, shemeji? Kristo ameshafufuka."

Kwenu, nikamwambia. Pasaka yao Wakatoliki ilikuwa Jumapili iliyopita. Sisi Waorthodoksi bado mwezi mzima. Nimeolewa kwao, ndiyo, lakini Kwaresima yangu sikuiacha kwa baba yangu.

Rouba kamwomba ami yake aweke japo samaki wa mtoni wa kukaanga, mweupe uende nao. Kamjibu, meza ni yangu.

Meza niliyopewa mimi siku ya harusi. Yake!

Jumatano, 10 Aprili

Kondoo kachinjwa. Rouba hali vizuri. Namsogezea sahani, anairudisha.

Jumamosi, 13 Aprili

Niandike yote kabla sijapasuka.

Nimeamka mapema kuoka. Mimi sionji nyama, Rouba ndiye kaonja chumvi. Pembeni nikajipikia chakula changu cha mfungo — dengu na wali, vitunguu vya kukaanga mpaka vyeusi, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali ndani, kwa mafuta na limau. Sufuria kubwa, maana dada zangu wangekuja jioni.

Wageni wakafika. Mama yake Iskandar ni bibi mzee wa umbo dogo, kavaa nyeusi tupu. Toufic akaleta kondoo mwenyewe, kifua mbele, akawamiminia ule mwekundu wa zamani. Bibi akakunja mikono mapajani.

"Mwanangu, hukuwaambia tunafunga?"

"Nilidhani wanajua, mama. Si tumesema tunatoka Koura?"

Koura! Mtoto wa darasa la kwanza anajua Koura ni Waorthodoksi. Lakini Toufic Pasaka yake ikishapita, dunia nzima imeshafungua. Hata mimi sikuuliza wageni kwao wapi, na yeye hakusema. Kawa mwekundu kuliko mvinyo wake.

"Kipande kidogo tu, mama. Mungu atasamehe."

Kumwambia hivyo mwanamke wa umri ule. Bibi kamwangalia kama anaangalia mbuzi aliyeingia kanisani. Kisha akanusa. "Kuna mtu kakaanga vitunguu hapa."

Basi nikaleta sufuria yangu. Toufic akamsogezea tena mwekundu. Bibi akauonja pamoja na jani lenye limau, akakunja uso. "Unanikausha ulimi." Rouba alikuwa ameshashuka ghalani. Karudi na chupa ya mweupe, baridi, kammiminia bila kuomba ruhusa ya mtu. Katika mfungo wetu, Jumamosi mvinyo haukatazwi. Bibi kanywa, kala jani, kanywa tena. Akamwambia mwanawe, "Huu usiuache."

Iskandar akasema anauchukua wote, na wa mavuno yajayo pia. Nani kautengeneza?

Toufic akaweka mkono begani kwa Wadih. "Mwanangu huyu."

Rouba kashika chupa. Mimi nimeshika sahani. Nilitaka kusema. Nikaona mizabibu imepona, nikaogopa kuiua kwa mdomo wangu. Nikampakulia bibi jani jingine. Rouba akaniangalia mara moja tu.

Jumapili, 14 Aprili

Rouba kashusha begi kutoka juu ya kabati.

Mizabibu inabaki, yeye anaondoka. Nimemwambia, kula kwanza, mwanangu. Kasema, "Mama, niache."

Jumatatu, 15 Aprili

Toufic yuko mlangoni. Naandika huku anabisha.

Iskandar kapiga simu, yuko njiani. Anataka Wadih amwingize ghalani amweleze mweupe umetengenezwaje. Wadih hajui hata uko tangi lipi. Sasa wanamtaka Rouba amfundishe upesi upesi, kama mtoto anayekaririshwa sala. Rouba kawasikia, kaniwekea ufunguo wa ghala mezani, kabeba begi, kapita mlango wa nyuma.

"Shemeji, ufunguo."

Nimemwambia, ufunguo una mwenyewe, na ndiye aliyetengeneza mvinyo.

Kaacha kubisha. Halafu kwa sauti ya chini, sijawahi kumsikia nayo, "Mama Rouba. Usiniaibishe mbele ya watu."

Juzi aliniona mimi si mtu? Binti yangu si mtu?

Gari linaingia getini. Bibi ameshaanza kuita, nimepika nini leo. Ufunguo uko mfukoni mwa aproni yangu. Dirishani namwona Rouba, hajafika barabarani. Kasimama katikati ya mizabibu ya baba yake, begi liko chini, anaangalia huku. Naacha kalamu hapa, nampelekea ufunguo wake mbele ya wageni wote.