Kijiti cha Kupimia Mafuta

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha leo, wewe huko na sisi huku. Goti lako je, limepata nafuu au bado linalia ukiinama? Naliombea lipone kabla ya harusi, maana bibi harusi wa umri wetu akichechemea, watu watasema ndiyo sababu amechelewa kufika. Sisi hatujambo. Watoto hawajambo. Kaka yako naye hajambo, ila yeye nitakueleza taratibu.

Barua yako tuliipata. Nilimsomea kaka yako pale uliposema hutaki gari la kukodi lenye maua, unataka ushuke mlangoni kwa kanisa kutoka kwenye gari lake, na yeye ndiye akushike mkono kukuingiza, kwa kuwa ndiye aliyekulea tangu wazazi walipowatangulia. Alijifanya anatafuta miwani. Mimi nikajifanya sioni kwamba anafuta machozi.

Sasa gari lenyewe, wifi, unalijua. Tulilinunua likiwa limeshazeekea mikononi mwa wengine, na hivi karibuni gia zake zilianza kusita. Ukiweka ya kuondoka, linafikiri kwanza, halafu linaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nilimwambia tulipeleke gereji. Akaniuliza, kwa sauti ile yake ya kunionea huruma, kama nimesahau kwamba amefungua gia boksi za mabasi maisha yake yote. Akasema ya otomatiki haina makuu, ni mafuta tu yamechoka na filta imeziba. Akibadilisha, litakufikisha kanisani bila aibu.

Basi Jumamosi asubuhi akalipandisha kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akaingia chini. Mimi nikawa msaidizi. Alilegeza bolti za sampo, lile bakuli la mafuta chini ya gia boksi, upande mmoja kwanza, ili mafuta yamwagike taratibu kwenye beseni, na beseni lenyewe lilikuwa langu la kufulia, Mungu amsamehe. Mafuta hayo hutakiwa kuwa mekundu. Aliyasugua kati ya vidole, akayanusa, akaniuliza yana rangi gani. Nikadhani ananipima kama mwalimu. Nikamjibu ni meusi kama kahawa, na yananuka mkate ulioungua. Akasema ndivyo alivyofikiri.

Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo inayokamata unga wa chuma. Aliipapasa, akasema ni unga laini tu, hakuna vipande, kwa hiyo gia zenyewe bado nzima, tumshukuru Mungu. Alipotoa filta ya zamani, kimpira chake cha duara kilibaki juu kwenye tundu. Mafundi wengi hukisahau pale, wakaweka kipya juu yake, kisha wakashangaa gari kurudi. Yeye alipitisha kidole, akakikuta, akacheka peke yake kule chini. Nilikaa kwenye kigoda nikimsikiliza akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili, nikasema moyoni, Bwana, huyu umenipa mzima.

Tukafunga filta mpya na gasketi mpya, bolti akazikaza kwa kupishana ili sampo isipinde. Gari likashushwa. Akamimina mafuta mapya kwa faneli, kisha akanipandisha kwenye usukani. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga breki, injini ikinguruma, nipitishe mkono wa gia kila mahali na kuurudisha pa kuegesha, ili mafuta yaenee. Yeye akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akaja nacho upande wangu penye jua. Akakigeuza. Akakisogeza pembeni mwa uso, kama kuku anavyotazama punje. Mwishowe akasema yamefika, nizime.

Wifi, kijiti kilikuwa kikavu.

Nilivuta breki ya mkono, nikashuka, nikasimama karibu naye. Nikamwambia kwa upole kwamba sioni hata tone. Kisha akanikabidhi kijiti, akasema basi nimsomee.

Tukawa tunaongeza kidogo kidogo, yeye anamimina, mimi nasoma, mpaka yakafika kwenye alama. Ndipo akanieleza. Katikati ya kila anachokitazama pana doa la ukungu, pembeni ndiko anakoona. Shali yangu anaiona, uso wangu hauoni. Daktari wa macho alishamwambia hali hiyo haitarudi nyuma, na usukani auache. Yeye alipanga kutuficha sote mpaka akufikishe harusini, hiyo iwe safari yake ya mwisho. Nilimwuliza kama alitaka iwe ya mwisho kwetu sote. Hapo akalia, nami nikalia naye, tukaomba palepale na mikono yetu ya mafuta.

Baadaye akaniomba nikuandikie kwamba gia boksi imekufa, kwa hiyo tutakuja kwa basi. Alisema wewe tangu utotoni umemjua kama mtu wa kukutangulia gizani, hajui akutazame vipi sasa.

Gia boksi haijafa, wifi. Gia zinaingia laini kama kisu kwenye siagi. Mkono wangu umekataa kuuandika uongo huo, wala sikutaka kumzunguka mume wangu, ndiyo maana barua hii nimemsomea yote. Nikadhani nimemwudhi. Halafu akasema lile la beseni nilifute. Sijalifuta.

Kwa hiyo gari litakuja, na dereva ni mimi. Leseni ninayo, ingawa yeye husema naendesha kama niliyebeba mayai. Atakaa kando yangu akiisikiliza injini. Na mkono atakushika kama ulivyotaka. Tukifika, msemeshe kwanza kabla hujamkumbatia, sauti yako anaijua popote. Tena amenituma ombi moja, nalifikisha kama alivyolisema: pale mlangoni kwa kanisa kuna ngazi, na kila mkiifikia moja umbane mkono kidogo, asijikwae. Watu watadhani ni bibi harusi anaogopa.

Msalimie sana shemeji yetu mtarajiwa. Watoto wanakusalimu, na kaka yako anakubariki. Mungu awe nawe mpaka tukufikie.

Ni mimi wifi yako akupendaye.