Mnada Ulikuwa wa Bibi

Jumapili, wiki moja kabla ya Krismasi.

Mlima haujaonekana tangu juzi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na nguo nilizofua jana bado zimelowa. Na mimi niko hivyohivyo.

Leo Bibi amenyang'anywa mnada. Aliyemnyang'anya ni mwanawe wa kumzaa, na usharika mzima pale kanisani ulipiga makofi.

Nakuandikia wewe, shajara, kwa sababu hapa nyumbani leo hakuna wa kuzungumza naye. Kwa nini hakuna, nitafika huko.

Kanisani kwetu ibada ikiisha hatutawanyiki. Asiye na fedha ya sadaka huleta alichovuna: mkungu wa ndizi, mayai, chupa ya maziwa, kuku. Vitu hivyo hunadiwa pale nje na fedha huingia kanisani. Tangu sijazaliwa, mnadi amekuwa Bibi. Siku za kawaida ni mtu wa maneno machache. Lakini mpe kuku mkononi uone.

"Mama Eliakunda, kuku huyu anakutazama wewe. Ameshakuchagua. Unataka aende kwa mtu asiyejua hata kukaanga kitunguu?"

Na mzee wa watu akikohoa kule nyuma, Bibi humgeukia palepale: "Umekohoa au umeongeza?" Mzee anacheka, kisha anaongeza kweli.

Kiswahili hicho Bibi alikipata ukubwani, akiuza ndizi sokoni Himo. Maneno yake huanza chini na kumalizikia juu, kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani. Mimi nilidhani hiyo ndiyo sauti ya mabibi wote duniani.

Sasa Anko Godlisten. Ni mjomba wangu, kaka yake Mama, na kifungua mimba wa Bibi. Watu wote humwita Bibi "Mama Godlisten", kwa hiyo hata jina lake alishampa mwanawe zamani. Anko alipelekwa Dar kusomea uhasibu, akaacha, akaanza kuchekesha watu jukwaani kwenye mabaa ambako hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Aliwahi kunisimulia mwenyewe. Siku moja walimzomea mpaka maneno yakamwishia. Akaazima kanga ya mhudumu, akajifunga kiunoni, akaanza kunadi kuku ambaye hakuwepo, kwa sauti ya mama yake. Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko.

Hajaivua kanga hiyo mpaka leo. Kwenye jukwaa anaitwa Mama Mkungu. Kwenye tamthilia ya televisheni Mama Mkungu ni mama mwenye nyumba anayeficha nyama wageni wakibisha hodi. Kwenye matangazo Mama Mkungu anauza sabuni. Mwaka jana aliomba aigize baba aliyefiwa na mtoto. Wakamwambia sawa, nafasi ipo, lakini aje kama Mama Mkungu.

Mara ya kwanza kumwona nilicheka. Ni hodari kweli, siwezi kusema uongo.

Ila Bibi hajawahi kuficha nyama. Bibi hula mwisho, na mara nyingi hula mchuzi mtupu.

Anko alifika Ijumaa, kama Wachagga wote wanaorudi nyumbani Desemba. Leo ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa alisimama akatangaza, "Leo hatuna haja ya mnadi wa kila siku. Tunaye Mama Mkungu mwenyewe!" Bibi alikuwa ameshamshika kuku wa kwanza miguu. Anko alimtazama kidogo. Kidogo tu. Kisha akautoa mtandio wa kitenge mabegani mwa Bibi, akasema, "Mama, niazime," akajifunga kichwani.

Alinadi karibu kila kitu. Kuku wote walichagua watu, wazee wote waliulizwa kama wamekohoa au wameongeza. Watu walishika simu juu kama wanaotaka kupokea baraka. Bibi alisimama pembeni bila mtandio, na kulikuwa na baridi.

Ulibaki mkungu mmoja karibu na ukuta. Kwa heshima, nadhani, mama mmoja akapaza sauti: "Na Mama Godlisten atuuzie huu!" Bibi akauinua. Akavuta pumzi. Akamwambia Mzee Ndesario, "Umekohoa au umeongeza?"

Mtoto mmoja mbele, mgeni wa sikukuu, akamvuta mama yake gauni.

"Mama, huyu bibi anamwiga Mama Mkungu!"

Watu walicheka kuliko walivyocheka asubuhi yote. Kijana mmoja akadakia, "Anajitahidi, lakini bado hajampata vizuri!" Na Anko akacheka. Nilimwona.

Bibi aliulaza ule mkungu chini taratibu, kama anayelaza mtoto. Akamwambia mzee wa kanisa, "Tafuteni mwingine. Mimi nimemaliza."

Wakadhani hilo nalo ni kichekesho.

Mwalimu wetu wa fasihi hutuambia kwamba msanii ni kioo cha jamii. Nimeiandika sentensi hiyo kwenye mitihani miwili na nikapata alama. Lakini kioo unajitazama, kisha unaondoka na uso wako. Bibi aliondoka na nini?

Nyumbani nilijikaza. Mimi ambaye huwa siwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani, nilimfuata Anko barazani.

"Anko, ile ya kukohoa ni ya Bibi."

"Najua, mpwa wangu. Si nimempa heshima? Nchi nzima inamjua."

"Inakujua wewe."

Tabasamu lilimtoka. Halafu akanipiga kofi dogo begani. "Umeota mdomo, eeh? Vitabu hivyo vitakuponza."

Hapo ungedhani ameelewa. Lakini tulipokaa kula mtori wa ndizi, akaegemeza simu yake kwenye kikombe, kamera ikimwelekea Bibi. "Mama, hebu sema ile ya mchungaji na ndizi mbivu. Nataka kufungulia nayo mwaka."

Bibi akajibu kwa Kichagga.

"Mama, kwa Kiswahili bwana. Hiyo Dar hawataielewa."

Bibi akajibu tena kwa Kichagga, kirefu, bila hasira, akiendelea kumpakulia. Mimi nilidaka maneno machache tu, ila nilimwona Anko. Alishusha macho. Anajua kuvaa sura zote, na hapo hakupata hata moja. Akaichukua simu akaitia mfukoni. Baadaye nilipomuuliza Anko kwamba Bibi alisema nini, alinitafsiria bila kuniangalia: "Amesema Kichagga chake hamuuzii mtu yeyote, kwa hiyo kuanzia leo atasema hicho tu."

Nikafikiri ni kwa Anko tu.

Lakini wageni walikuja kusalimia, Bibi akasema nao Kichagga. Mama akapiga simu kutoka Himo, Kichagga. Jioni akaniomba kitu, na mimi nikamletea kijiko. Akatikisa kichwa, akarudia polepole. Nikamletea chumvi. Akainuka mwenyewe akaenda kuchota maji. Siku nyingine tungecheka mpaka machozi.

Mimi nimekulia mjini, Pasua. Kichagga changu kinaanza na kuishia kwenye "aika", asante. Tangu nihamie kwake nianze sekondari, kila nilichojua kuhusu Bibi nilikijua kwa Kiswahili kile chenye mlima: jinsi Babu alivyomchumbia, mwaka kahawa ilipokufa, nani wa kuogopa sokoni na nani wa kumwamini. Sikuwahi kumpeleka jukwaani. Sikuwahi kumwiga hata nikiwa peke yangu.

Namchukia Anko leo. Na, nisijifanye mwema, Bibi pia nimemkasirikia. Amefunga mlango ili mwizi asiingie tena, na mimi nimefungiwa nje.

Anko anarudi Dar baada ya sikukuu, na sauti ile iko kooni mwake. Ataitumia hata akizeeka. Mimi nitabaki hapa na mwenye sauti.

Kesho asubuhi nitamwamkia shikamoo, kama siku zote. Je, akinijibu, nitaelewa?