Nilivyolala Langoni Heche Asiende

Nyamisangura,
Tarime, Tanganyika.
12 Agosti 1956

Mpendwa mjukuu wangu Tomaso,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaituma: marahaba. Huko Kericho, baridi ya mashamba ya chai imekuachia masikio? Na mke wangu Agustina hajambo? Mwambie akikuchoka, mimi bado nipo.

Sisi wazima. Ulezi umejaa ghalani, na ng'ombe wa mabaka amezaa jike. Jino langu la mbele limeniaga. Mama yenu Bhoke yu mzima pia, ila amekataa kunipandia tumbaku, eti nakohoa.

Habari mbaya niimalize upesi. Tangu uondoke tumezika vijana kuliko wazee. Mmoja alichukuliwa na mto Mara, mwingine alianguka kwenye lori, binti wa jirani alikufa akijifungua, na waliobaki wote ni mishale ya wizi wa ng'ombe. Dresa wa zahanati ananiambia, "Mzee, homa inachukua watoto wachanga. Vijana wanakufa wakiwa wazima." Katekista anasema ni mapenzi ya Mungu. Nilimwuliza tangu lini Mungu anavuta upinde. Amenuna mpaka leo.

Sasa mdogo wako Heche. Anamtaka Rhobi, binti wa Nyangwine, na Nyangwine anataka ng'ombe. Basi jioni moja namwona anapaka upinde mafuta, na rafiki yake Nyamhanga anapiga mluzi nje. Nikajua wanakwenda kuiba ng'ombe. Baba yenu naye alianza hivyohivyo, tukaletewa maiti yake juu ya ngozi.

Ningefanyaje? Kumpiga siwezi, kumkimbiza siwezi. Nikajilaza kwenye lango la boma, kichwa nguzo hii, miguu nguzo ile. Unajua ua wetu wa miiba hauna njia nyingine, na unajua kwetu kijana hamruki mzee aliyelala. Akimruka, nani atampa binti?

"Babu, ondoka."

"Niruke."

"Nitakurukaje, babu?"

"Kama swala. Miguu si unayo?"

Nyamhanga akacheka huko nje. "Heche, babu yako amelewa!"

"Sijalewa, kichwa cha nyumbu wewe! Na wewe rudi kwenu!"

Hakurudi, akaenda na wenzake. Heche akakaa chini, machozi ya hasira yanamtoka. "Haya, utanipa wewe hao ng'ombe?" Nami nina jiwe chini ya mgongo na siafu wanapanda mguuni. Nikapiga kelele, "Nitakupa!" Kumbe mama yenu amesimama pembeni ya ghala, amesikia kila neno.

Ng'ombe hao unawajua, Tomaso. Ndio niliokuwa nawaweka nioe mke mdogo wa kunikuna mgongo. Wote wamekwenda kwa Nyangwine, pamoja na yule wa mabaka na ndama wake. Wazee wenzangu wananicheka kwenye pombe. Nawaambia, ninyi mnaolundika ng'ombe muoe wasichana, ndio mnaowatuma wana wenu kwenye mishale. Hapo kila mtu anakumbuka mrija wake, ananyonya pombe.

Nyamhanga alirudi amebebwa, mshale pajani. Dresa anasema atapona, ila atachechemea. Heche humpelekea uji. Akirudi hupita langoni polepole, ananitazama.

Harusi ni Oktoba. Mwombe mnyapara ruhusa uje. Mke sina tena, kwa hiyo niletee blanketi.

Mgongo bado unauma pale palipokuwa na jiwe. Lakini juzi asubuhi nilikuta tumbaku mlangoni pangu, imefungwa kwenye jani, fungu zima. Fundo lile nalijua, ni la mama yenu. Nimevuta, nimekohoa vizuri sana.

Nisalimie Agustina na mtoto wenu Athanas. Mungu akupe mvi nyingi, meno yakutoke yote, uzeeke uwe na sura mbaya kama mimi.

Ni mimi ninayekupenda, pamoja na mgongo wangu,
Babu yako,
Simoni