Mbu Hendi kwa Duara

Mpwa wangu Zuhura,

Bila mimi, Likoni isingekuwa na kisima. Mamako hajambo, akusalimu sana. Waniuliza kama hesabu yaweza kujua mbu wataenea wapi. Yaweza, wallahi, na mimi ndiye niliyeisahihisha!

Zama za vita vya Wazungu, bwana afya alichora duara kwenye ramani kuonyesha mbu wataenea hadi wapi, katikati kisima chetu, akaamuru kifukiwe. Jirani yetu Bi Mwanasha akamfokea, "Kisha tunywe jasho lako?"

Nikamwambia, "Bwana, mbu hendi kwa duara. Kwenye mchanga mkavu hukwama. Minazini huruka kifuu hadi kifuu, maana vifuu vilivyotupwa hujaa maji ya mvua."

Tukazunguka tukihesabu viluwiluwi: kisimani wachache, vifuuni tele. Akafuta duara, mchanga akaupa hesabu yake, na minazi nayo akaipa yake. Kisima kikasalimika.

Ila vifuu vilivyokuwa na viluwiluwi wengi kupita vyote vilikuwa nyuma ya jiko langu.

Mjombako